Saa tano za jioni: futari na korona katika mitaa ya Ng'ambo, Ramadhani ya 2020

Kisa kinachochambuliwa hapa ni kipande cha siku tu. Kinaanza saa 10 za jioni, meza za futari zinapotolewa nje, na kinakwisha karibu na saa 3 za usiku, watu wanapotoka kuswali tarawehe. Mahali ni Ng'ambo, mashariki ya Mji Mkongwe wa Unguja. Wakati ni Ramadhani ya 2020, iliyoanza mwishoni mwa Aprili na kumalizikia kwenye Sikukuu ya Mei 24. Mtaa hautajwi, kwa sababu hali ya Kikwajuni, Jang'ombe, Magomeni na Kwahani ilifanana kwa mengi, na hesabu zilizomo humu ni za kupigia mfano ili jambo lionekane.

Kipande hiki kimechaguliwa kwa sababu ndani ya saa hizo tano kila zuio la korona lilikutana uso kwa uso na desturi ya mji: biashara ya mlangoni, maji, sahani ya jirani, safu ya msikitini. Hoja yetu ni moja. Unguja ilipambana na maradhi ya pumzi kwa silaha za kipindupindu. Silaha hizo watu walizijua na walizikubali kwa moyo, lakini hazikuelekezwa pale maradhi yalipokuwa yanapita. Kosa hilo halikuwa la Wazanzibari peke yao, na tutaeleza kwa nini.

Yaliyotangulia

Machi 16, 2020 mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa Arusha. Siku hazikupita, Zanzibar nayo ikatangaza wake, mgeni kutoka Ujerumani. Skuli zikafungwa, mikusanyiko ikazuiwa, na kufikia Aprili ndege za abiria kutoka nje zikasita. Hoteli za pwani zikafunga milango. Mwaka 2019 Zanzibar ilipokea watalii 538,264. Mwaka 2020 walikuwa 260,644, na wengi wa hao walikuja ama kabla ya Machi ama baada ya visiwa kufunguliwa tena mwezi wa Juni. Kwa nyumba ya Ng'ambo, hesabu hiyo ilikuwa na sura ya kijana anayerudi na begi lake kutoka Nungwi au Paje, ameambiwa akae nyumbani mpaka atakapoitwa. Mshahara uliokuwa ukinunua mchele haupo, na Ramadhani inaingia.

Ni lazima pia ikumbukwe kwamba afya si jambo la Muungano. Zanzibar ina wizara yake ya afya, na matangazo yake ilikuwa ikiyatoa yenyewe. Lakini watu wa Unguja wanasikiliza redio na televisheni za pande zote mbili, wana ndugu Dar es Salaam, na boti zilikuwa zikienda na kurudi. Kwa hiyo kila kauli iliyotolewa bara ilifika barazani jioni ile ile na kupimwa pamoja na kauli ya hapa.

Halafu kuna kumbukumbu ya kipindupindu. Mlipuko wa 2015 na 2016 ulikuwa bado mbichi vichwani. Wakati ule biashara ya vyakula na vinywaji barabarani ilipigwa marufuku, skuli zilifungwa, na kila mwenye mgahawa alijua habari ya ndoo ya maji yenye mfereji, sabuni na maji yaliyotiwa klorini. Mwaka 2009 watu wa Chumbuni, Unguja, na Mwambe, Pemba, walipewa chanjo ya kipindupindu ya kunywa. Hawa ni watu waliokwisha kufundishwa kuhusu maradhi ya mlipuko, na somo walilolishika ni hili: maradhi yanakuja kwa mikono, maji na chakula.

Meza ya futari

Saa 10 meza iko nje. Juu yake pana sambusa, katlesi, bajia, kaimati ndani ya beseni la shira, mkate wa kumimina, muhogo na ndizi za nazi kwenye sufuria, chupa za juisi ya ukwaju. Magharibi ya mwezi wa Mei Unguja huingia kama saa 12 na robo. Kwa hiyo muuzaji ana saa mbili na robo, na kama wateja 80 wangekuja mmoja mmoja kwa muda wote huo, kila mmoja angepata zaidi ya dakika moja na nusu na foleni isingekuwepo.

Lakini wateja hawaji hivyo. Sambusa ya saa 10 haina thamani ya sambusa ya saa 12. Kila mtu anataka cha moto, na aliyefunga hana hamu ya kukaa na harufu ya chakula nyumbani kwa saa mbili. Wateja 60 kati ya 80 watakuja dakika 40 za mwisho. Hapo kila mmoja amebakiwa na sekunde 40, na sekunde 40 hazitoshi kuchagua, kufungiwa na kurudishiwa chenji. Kundi la watu 12 hadi 15 linajikusanya mbele ya meza yenye urefu wa mita moja na nusu, kwenye kichochoro ambacho vespa nayo inataka kupita.

Kosa la agizo la "simameni mita moja moja" lilikuwa hapo. Lilimtaka mteja atatue jambo la muuzaji. Alama za chokaa chini zilidumu mpaka mvua ya masika ya kwanza, na masika ndiyo hiyo hiyo Aprili na Mei. Tofali au kreti la soda lililowekwa chini hudumu zaidi, maana halifutiki na mtu hujikwaa akilisahau. Hata hivyo foleni ya watu 12 yenye nafasi ya mita moja ni mita 12, na katika vichochoro vingi vya Ng'ambo mita 12 zinafika mbele ya milango mitatu ya watu wengine.

Kilichoweza kusaidia ni kugawa vitu kwa saa zake. Vya nazi, mikate na juisi havidai moto wa papo hapo, viuzwe kuanzia saa 8 mchana. Vya kukaanga vichukuliwe kwa oda: mteja anapita baada ya adhuhuri au anapiga simu, analipa, jina linaandikwa kwenye daftari, na saa 11 na nusu mtoto wa nyumba anazungusha kikapu. Mezani wasimame wawili, mmoja ashike pesa asiguse chakula, mwingine ashike kibanio asiguse pesa. Wauzaji waliofanya kazi na dada au binti yao waliliweza hili bila gharama. Aliyekuwa peke yake hakuliweza, na kumlaumu ni kumwonea. Huyu mara nyingi ndiye aliyeingia kwenye biashara mwaka ule ule kwa sababu kipato cha nyumba kimekatika.

Na hapa isemwe wazi: meza ya futari, pamoja na msongamano wake, iko nje. Upepo unapita. Mtu anasimama dakika tano na kuondoka. Katika saa hizi tano, meza ndiyo iliyopigiwa kelele nyingi kwa sababu inaonekana kutoka barabarani, na haikuwa mahali pa hatari kubwa.

Ndoo

Ndoo ya lita 20 yenye mfereji wa plastiki chini, juu ya kigoda, na sabuni pembeni: hii ndiyo ilikuwa alama ya mwaka ule. Ilikuwepo mlango wa duka, wa benki, wa msikiti. Tuitazame kwa karibu, maana hatima yake inaeleza mengi.

Mfereji wa plastiki ukifunguliwa wote hutoa kiasi cha lita 3 kwa dakika. Mtu akiuacha wazi huku anasugua mikono kwa sekunde 40, ametumia lita 2, na ndoo nzima imehudumia watu 10. Akiloweka mikono kwa sekunde 5, akaufunga, akasugua kwa sekunde 20, kisha akasuuza kwa sekunde 10, ametumia robo tatu ya lita, na ndoo ile ile imehudumia watu 26. Msikiti unaopokea watu 200 kwa isha unahitaji ndoo 20 kwa njia ya kwanza na 8 kwa njia ya pili. Tatizo ni kwamba kuufunga mfereji kunamaanisha kuushika tena kwa mkono wenye povu, na watu walilichukia hilo. Wakaona wanagusa palipoguswa na kila mtu. Ni hofu ya haki, lakini sabuni iliyoko mkononi inausafisha mfereji pia. Mtu alihitaji kuelezwa hivyo kwa sentensi moja, na maelezo hayo hayakubandikwa popote karibu na ndoo.

Nani anajaza? Swali hili ndilo lililoziua ndoo nyingi. Maji ya mfereji katika mitaa mingi ya Ng'ambo hayatoki saa zote, na lita 20 ni kilo 20 za kubeba. Ndoo iliyotolewa na mfadhili ikawekwa mlangoni bila mtu wa zamu ilikuwa na maji siku ya kwanza, nusu siku ya tatu, na baadaye ikawa kavu ikiwa na kipande cha sabuni kilichopasuka kwa jua. Ndoo kavu ina madhara zaidi kuliko kutokuwepo, kwa sababu inawafundisha watu kupita.

Kibuyu chirizi kilistahili kuenea zaidi. Ni kidumu cha lita 5, kinatobolewa kwa msumari wa moto tundu la kama milimita 2, sentimita 12 chini ya mfuniko. Kinaning'inizwa kwenye mti uliolazwa juu ya nguzo mbili, na kamba kutoka shingoni inashuka hadi kwenye kijiti cha kukanyaga kwa mguu. Ukikanyaga, kidumu kinainama na maji yanachirizika, ukiachia, yanakoma. Hakuna cha kushika kwa mkono. Kila mtu hutumia maji kidogo sana, na lita 5 zinatosha watu zaidi ya 25. Chini huwekwa kokoto ili pasiwe na tope. Kinachoharibika ni tundu: likitobolewa kubwa, maji yanakwisha upesi, na likitobolewa chini mno, linavuja muda wote.

Sabuni ya kipande huibwa au huyeyuka. Maji ya sabuni ni nafuu zaidi: chupa ya lita 1.5, sabuni ya unga vijiko 2 vya chakula, tikisa, toboa matundu mawili kwenye kifuniko. Hiyo inatosha watu wengi kwa siku nzima.

Klorini ndiyo iliyoleta makosa mabaya. Mchanganyiko wa mikono ni asilimia 0.05. Ikiwa dawa ya dukani ni ya asilimia 5, ni kipimo 1 kwa maji vipimo 99, yaani mililita 200 kwa ndoo ya lita 20. Ikiwa ni ya asilimia 3.5, ni mililita 285 hivi. Wengi walimimina kwa kukisia harufu; ndoo moja inachubua mikono na ya jirani haina nguvu yoyote. Mchanganyiko ukikaa juani mchana kutwa unapoteza nguvu. Ukichanganywa na ndimu au siki unatoa gesi inayokaba kifua, na mwaka ule ndimu ilikuwa ikitiwa kila mahali kwa kudhaniwa inasaidia. Palipo na sabuni na maji, klorini ya mikono haihitajiki kabisa. Mahali pake ni vitasa, meza na sakafu, kwa asilimia 0.1.

Kwenye birika la msikiti kulikuwa na neno lililosikika sana: sisi tunatawadha mara tano kwa siku, korona itatupatia wapi? Neno hili halipaswi kudharauliwa. Mtu aliyezoea kuosha mikono, mdomo, pua na uso mara tano ana nusu ya tabia inayotakiwa. Nusu iliyokosekana ni sabuni, kwa kuwa kirusi hiki kina ganda la mafuta na maji matupu hayalivunji. Sabuni ikiwekwa pale mtu anapoanza, kabla ya udhu, udhu hauharibiki na mikono imesafishwa. Lakini kusukutua na kupandisha maji puani, watu kumi wameinama bega kwa bega kwenye mifereji, ni jambo la kufanyia nyumbani wakati wa maradhi kama haya. Misikiti iliyowaomba watu waje na udhu wao iliokoa maji na msongamano kwa ombi moja. Na palipokuwa bado pana birika la kuchotea kwa kata, kata moja ikipita mikono mia, palihitajika mifereji tangu enzi za kipindupindu.

Sinia na kawa

Kabla ya adhana, sahani zinatembea. Mtoto anabeba bakuli la tambi lililofunikwa kawa, anabisha hodi nyumba ya pili, anarudi na kipande cha mkate wa ufuta ndani ya bakuli lile lile, kwa sababu bakuli la jirani halirudishwi tupu. Nje, wanaume wa mtaa wanaweka sinia zao pamoja na kufuturu kwa jamaa. Msafiri akipita anavutwa mkono.

Watu wengi waliacha jambo hili kwa huzuni kubwa wakidhani ndilo la hatari zaidi. Hebu tulipime. Chakula kilichopikwa kikaiva, kikafunikwa, kikapelekwa mlangoni, hakikuwa njia kubwa ya maradhi haya. Kupokea bakuli, kukihamishia chakula kwenye chombo chako na kunawa mikono kulitosha. Kwa nyumba ambayo kijana wake amerudi bila kazi, bakuli hilo lilikuwa futari yenyewe, si adabu tu. Kulikataza ni kukata mkono wa pekee uliokuwa ukiwafikia watu hao, maana hapakuwa na posho ya serikali ya kuwaweka watu ndani.

Sinia ni jambo jingine. Watu sita wakizunguka sinia moja, nyuso zao ziko nusu mita kutoka kwa mwenzake, na wanazungumza. Mkono mmoja wa wali si tatizo kama pumzi sita. Wakiwa nje penye upepo, hatari inapungua. Wengi walianza hivyo, kila mtu na sahani yake, wakikaa mbali mbali juu ya mkeka. Kisha mvua ikanyesha. Mvua inapoingia dakika tano kabla ya adhana, watu wote huhamia ukumbini, kwenye ukumbi mwembamba wenye vyumba kushoto na kulia na mlango mmoja wa mbele uliofungwa ili maji yasiingie. Hapo watu 15 wanavuta hewa moja kwa dakika 30. Hili halikuandikwa kwenye bango lolote, na ndilo tungelipigia kelele.

Baraza zilisemwa sana, kwamba wazee wasikae barazani. Kwa maradhi haya baraza ya saruji nje ya nyumba, yenye watu wanne, ni mahali bora mara nyingi kuliko chumba cha ndani chenye televisheni na watu wanane. Mzee aliyeondolewa barazani hakwenda kukaa peke yake. Alikwenda kukaa na wajukuu waliofungiwa skuli.

Safu

Isha na tarawehe ndicho kiini cha kisa hiki. Misikiti haikufungwa nchini, na hapa tunauzungumzia msikiti wa kawaida wa mtaa: ukumbi wa mita 10 kwa 12, madirisha pande mbili, mapangaboi juu.

Safu zikiwa na nafasi ya mita 1.2 kutoka moja hadi nyingine, zinaingia safu 10. Bega kwa bega, kila mtu nusu mita, safu moja ina watu 20, na msikiti una watu 200. Ukitaka mita moja na nusu kutoka mtu hadi mtu ndani ya safu, safu inabaki na watu 7, na msikiti wote watu 70. Watu 130 hawana pa kusimama. Agizo la "achaneni nafasi" likitolewa bila kusema 130 hao waende wapi, matokeo yake yanajulikana: rakaa mbili za mwanzo nafasi ipo, wanaochelewa wanaijaza, na kufikia rakaa ya nane mabega yamegusana. Hakuna aliyekaidi, kila mmoja alifanya kile alichofundishwa tangu utotoni, kuziba mwanya wa safu.

Muda nao una uzito. Isha, rakaa 20 na witri, kwa kisomo cha juu, na watu kuitikia amin kwa sauti: ni saa nzima na zaidi. Kuvuta hewa ya chumba kilichojaa kwa saa nzima ni tofauti kabisa na kusimama mezani dakika tano. Mapangaboi huzungusha hewa ile ile, hayaitoi nje. Dirisha lililofunguliwa ndilo linaloitoa, na dirisha hufungwa mvua inaponyesha.

Dini ilikuwa na majibu yake, tena ya zamani. Usiku wa mvua na upepo mwadhini anaruhusiwa kuwaambia watu waswali majumbani mwao. Hadithi zake zimo katika Bukhari na Muslim. Tarawehe ni sunna, na Mtume mwenyewe aliiswali msikitini siku chache kisha akaacha kutoka kwa kuchelea isije ikafaradhishwa. Kwa hiyo kumwambia mtu "isha msikitini, tarawehe nyumbani na watoto wako" si kumpunguzia dini yake. Kauli hiyo ikitoka kwa imamu wa mtaa, ambaye watu wanamjua na aliyewazikia wazee wao, hupokewa. Ikitoka kwenye gari la matangazo hugeuka ubishi. Na hadithi ya tauni, ya kutoingia nchi yenye maradhi wala kutoka ndani yake, ilinukuliwa na pande zote mbili: wenye kutaka tahadhari, na wenye kusema kwamba lililoandikwa litafika. Wote walikuwa na kitabu mkononi.

Barakoa ilihitaji uangalifu zaidi ya ilivyopewa. Mafundi cherehani wa mitaani walishona nyingi. Nzuri ni ya matabaka matatu ya pamba iliyofumwa vizuri, kipande cha sentimita 25 kwa 15, lastiki mbili za kuikaza ili isiachie pembeni mwa pua. Mtu alihitaji tatu, si moja, kwa sababu iliyofuliwa usiku wa masika haikauki asubuhi, na barakoa mbichi haivutiki hewa. Wanawake wengi walisema ushungi unatosha. Ushungi wa kitambaa chepesi ni tabaka moja lililo wazi chini. Ukivaliwa juu ya barakoa ni sawa, peke yake hauzuii kitu cha maana.

Kwa nini watu waliamini na kuacha kuamini

Siku chache tu baada ya mfungo kuanza, Aprili 29, takwimu za taifa zilikoma. Hesabu ya mwisho ya nchi, pamoja na iliyoongezwa na Zanzibar mwanzoni mwa Mei, ilikuwa wagonjwa 509 na vifo 21. Zanzibar iliendelea na matangazo yake kwa siku chache za Mei, kisha nayo ikanyamaza. Mei 3 Rais Magufuli alisema kwamba sampuli za papai na mbuzi zilizopelekwa maabara zilikutwa na korona, na vipimo vyenyewe vikawa vya kutiliwa shaka. Kuanzia hapo mtu wa Ng'ambo hakuwa na namba ya kupimia hofu yake. Alibaki na anachokiona: nani anakohoa, jeneza limepita mara ngapi wiki hii.

Watu hawapimi zuio kwa maneno. Wanalipima kwa kile kinachotokea baada yake. Ndoo waliikubali kwa sababu walikumbuka kipindupindu kikipungua. Nafasi ya safu hawakuona faida yake, kwa kuwa hakuna aliyewaonyesha. Isitoshe, walimu wakubwa wa dunia walibadilika mbele ya macho yao. Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba korona haienezwi kwa hewa. Juni 5, Ramadhani imekwisha, ndipo likashauri umma uvae barakoa za kitambaa za matabaka matatu. Julai wanasayansi 239 walilisihi kwa barua likubali njia ya hewa. Kwa hiyo afisa afya wa shehia aliyesisitiza mikono peke yake mwezi wa Aprili alikuwa akifuata kilichokuwa kikifundishwa kila nchi. Kubadilika kwa ushauri pale maarifa yanapoongezeka ni jambo jema, ila linataka kuelezwa, na bila maelezo linaonekana kama kubahatisha.

Pengo hilo lilijazwa na kujifukiza. Sufuria ya mwarobaini, mchaichai, tangawizi na maganda ya ndimu, blanketi juu ya kichwa. Mvuke hulegeza makamasi na mtu hujisikia vizuri. Kirusi hakifi kwa hilo. Hatari yake ni sufuria ya maji yanayochemka chini ya blanketi karibu na mtoto. Mwenye kutaka afanye hivyo, lakini sufuria ishushwe motoni, iwekwe sakafuni juu ya kitu imara, na watoto wakae mbali. Isitumike kumchelewesha mtu anayekosa pumzi.

Hofu nyingine haikusemwa kwa sauti. Mtu akitajwa kuwa na korona, atapelekwa kutengwa Kidimni. Akifa, je, wanawe watamwosha? Watamkafini? Kwa familia ya Kiislamu, kumkosa maiti wao mikononi ni msiba ndani ya msiba. Sheha aliyemwuliza mama wa nyumba kama kuna mgonjwa alijibiwa "mafua tu, Sheha", na jibu hilo lilikuwa ulinzi wa baba yake. Palihitajika kauli moja ya wazi kutoka kwa wizara na maulamaa kwa pamoja, ikieleza nani wanaruhusiwa kuosha, wavae nini, wangapi waende kaburini. Bila hiyo, ugonjwa ukajificha chini ya jina la "changamoto ya kupumua", na jina hilo likadumu hadi mwaka uliofuata. Mwishoni mwa Januari 2021 chama cha Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, kilitangaza kwamba ana UVIKO-19, na Februari 17 alifariki. Kwa watu wengi wa Unguja na Pemba hiyo ndiyo mara ya kwanza maradhi haya yalitajwa kwa jina lake pamoja na jina la mtu wanayemheshimu.

Wale 130

Turudi kwenye hesabu ya msikiti, kwa sababu hapo ndipo kazi ilipobaki. Watu 70 ndani, 130 nje. Mkeka wa mita 3 unachukua watu wawili wakiachana mita moja na nusu, au watatu wakisimama kwenye ncha zake na katikati. Kwa 130 ni mikeka kama 45, au kila mtu aje na mswala wake, jambo ambalo ni rahisi zaidi na linamaliza habari ya kusujudu alipopumulia mwingine. Skuli zilikuwa zimefungwa na viwanja vyake vitupu. Uwanja wa mita 30 kwa 20 unawatosha wote kwa safu 16 za watu 20, na nafasi inabaki. Kinahitajika kipaza sauti kimoja, taa mbili, idhini ya mwalimu mkuu kupitia kwa sheha, vijana wanne wa kupanga safu kwa kamba yenye mafundo kila mita moja na nusu, na mmoja wa kutazama mawingu upande wa bahari, ambaye akiona mvua inakuja anamwambia imamu kabla ya takbira, ili wanaokaa karibu warudi kuswali majumbani mwao na wasikimbilie ndani.